Mchoro wa kempa umetoka Marekani, magoti ni yangu

SWALI

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Moshi na mzee wangu ambaye alikuwa afisa kilimo. Tuna Land Cruiser pikapu, ile yenye kebini moja, tuliyoitumia shambani kwa miaka mingi. Bodi ya kiwandani ilishaoza, tukaweka bodi bapa ya chuma. Watoto wametawanyika Dodoma, Iringa na Mbeya. Tumeamua gari hili sasa litutembeze: tuweke nyumba ndogo juu ya bodi, tuwatembelee watoto bila kuhamisha wajukuu vitandani, na njiani tulale Lushoto, Mikumi, hata Ruaha.

Mpwa wetu anayeishi Texas alitutumia mchoro wa kempa za huko, yaani nyumba ndogo za kubebwa na pikapu. Kitanda kiko juu ya kebini, unapanda kwa ngazi. Chini kuna bafu, choo, sinki, jiko lenye oveni, meza ya watu wanne na tanki la maji la lita 150. Mzee ameongeza inveta (ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 3,000 kwa ajili ya birika la umeme na televisheni. Fundi wetu wa kuchomelea amekubali kila kitu. Anasema fremu itakuwa skwea paipu ya 40 kwa 40 yenye unene wa milimita 2, isije ikacheza, kama mita 70 hivi, na makabati yatakuwa ya MDF, ile mbao ya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ya milimita 18, shiti nane. Anasubiri kianzio tu.

Kwa vile nimezoea kuandika vipimo, nimepima. Bodi ina urefu wa sentimita 220 na upana wa 175. Kutoka chini hadi sakafu ya bodi ni sentimita 100. Tulipita kwenye mzani wa mfanyabiashara wa mahindi, tanki la dizeli likiwa limejaa na sisi tukiwa nje: kilo 2,240. Kitabu cha gari kinasema uzito wa jumla usizidi 3,200.

Naomba kujua: mchoro huu utatufaa? MDF ni sawa? Lushoto na Mbeya kuna baridi, je, tunaweza kuwasha jiko la mkaa ndani kidogo kabla ya kulala? Mlango ukae wapi? Mzee anatumia insulini, kwa hiyo friji ni lazima. Mimi magoti yananisumbua kidogo, ila hilo si la kuzungumzia sana.

La mwisho ni gumu zaidi. Tangu astaafu sijamwona mzee akifurahia kitu namna hii. Kila jioni anakunjua ule mchoro. Nikiona kuna kasoro nimwambieje bila kumvunja moyo?

Mstaafu, Moshi

JIBU

Mama, shikamoo, na hongera kwa kumaliza utumishi salama.

Laiti kila anayeniandikia angepima kama wewe. Lakini jambo zito kuliko yote katika barua yako umelitolea nusu ya sentensi, kisha ukasema si la kuzungumzia. Mimi naanzia hapo. Kwenye mchoro ule utapanda kitandani kwa ngazi nyembamba, ulale juu ya kebini mahali ambapo huwezi hata kuketi wima, na usiku ukibanwa na haja utashuka kinyumenyume gizani. Mzee naye ana kisukari, na wewe unajua kuliko mimi jinsi mtu wa kisukari anavyoamka usiku. Kempa hiyo mtailalia safari ya kwanza kwa furaha ya upya wake. Safari ya tatu utatafuta sababu ya kubaki nyumbani, na mzee hatajua kwa nini.

Kitanda kishuke chini. Hilo likishakubaliwa, mengine mengi yatajipanga yenyewe.

Wamarekani hawakukosea kukiweka juu. Kempa zao zinabeba nyumba nzima, jiko, bafu na meza, maana wengi husafiri kwenye baridi kali na jioni yote wanakaa ndani wamefunga mlango. Sakafu ikishaliwa na vitu hivyo, mahali pa kulala panapobaki ni juu ya kebini. Ninyi jioni yenu itakuwa nje: viti viwili, kivuli, jiko, hewa. Mnachohitaji ndani ni chumba cha kulala kizuri chenye friji na choo. Jiko likae upande wa nje, na bafu liwe pazia la kuning'iniza na ndoo ya maji ya uvuguvugu.

Sasa tazama vipimo vyako. Ukitoa unene wa kuta, ndani mtabaki na kama sentimita 212 kwa 167. Godoro la nne kwa sita ni sentimita 122 kwa 183. Lilaze kwa urefu, kichwa kikielekea kebini, likibana ukuta wa kulia. Upande wa kushoto utabaki ujia wa sentimita 45, unaotosha mtu kusimama na kuvaa. Wewe ulale upande wa ujia, mzee ukutani, au mpishane kulingana na nani anaamka zaidi. Kimo cha kitanda pamoja na godoro kiwe kama sentimita 50 ili ukae kama kwenye kiti na unyanyuke bila kujivuta. Mbele ya ujia, karibu na kebini, ndipo friji ikae. Nyuma ya miguu yenu panabaki kama sentimita 29, kabati jembamba la nguo. Kimo cha ndani kiwe sentimita 175 hivi ili usimame wima, kwa sababu kuvaa sketi umeinama ndiko kunakoumiza mgongo na magoti kwa pamoja.

Mlango uwe ubavuni kushoto, kuelekea nyuma, ukifungukia ujia ule. Sisi tunaendesha kushoto. Ukisimama pembeni mwa barabara utashukia majanini, magari yanapita upande mwingine. Turubai la kivuli nalo likae kushoto, juu ya mlango. Michoro ya Marekani huweka vitu hivi kulia kwa sababu wao wanaendesha kulia, na nimeona mafundi wakiinakili jinsi ilivyo. Kwa sentimita 100 za kupanda, agiza ngazi ya vidato vitano vipana, ili kila hatua iwe kama sentimita 17, na vishikio pande zote mbili za mlango vinavyobeba uzito wa mtu. Hapo fundi atumie chuma kinene anavyotaka.

Nije kwenye uzito, maana hapa ndipo mchoro wa mpwa unapoanguka kabisa. Toa 2,240 kwenye 3,200, unabaki na kilo 960. Ninyi wawili mtachukua kama 150. Maji lita 60 ni kilo 60. Chakula, nguo, vyombo, viti, zana na tairi la akiba la pili, weka 160. Zinabaki 590. Katika hizo mimi huacha akiba ya kama 140 ambayo haiguswi, kwa sababu mtarudi na viazi vya Njombe na zawadi za wajukuu, na kwa sababu barabara mbovu inaliumiza gari lililojazwa hadi mwisho. Kwa hiyo kempa yote pamoja na fanicha, betri, friji na gesi isizidi kilo 450.

Fundi anapendekeza nini? Skwea paipu ya 40 kwa 40 yenye unene wa milimita 2 ina karibu kilo 2.4 kwa mita. Mita 70 ni kilo 167. Shiti ya MDF ya milimita 18 ina karibu kilo 40. Nane ni 320. Tanki likijaa ni 150. Jumla 637, na bado hujaweka bati, mlango, dirisha, godoro wala betri. Ukipanda mlima wa Kitonga, njiani kwenda Iringa, na mzigo huo, injini itavuta, hiyo Land Cruiser ni ngumu. Kitakacholalamika ni breki wakati wa kushuka, ekseli ya nyuma, na usukani upepo wa Makambako ukikupiga ubavuni. Fundi akikwambia ataongeza majani ya springi, mshukuru na umkatalie kwa sasa. Springi ikiongezwa gari linanyanyuka na kuonekana sawa, lakini ekseli, breki na chesisi zimebaki zilezile na kikomo cha kitabu hakijasogea.

Mwambie atumie skwea paipu ya 25 kwa 25 yenye unene wa milimita 1.5. Mita zilezile 70 zinakuwa kilo 77. Kinachozuia fremu kucheza ni mishazari kwenye pembe na ngozi ya nje iliyogundishwa vizuri. Unene wa bomba unasaidia kidogo tu. Nje bati la alumini la milimita 1, ndani plaiwudi ya milimita 9 ambayo shiti yake ni kama kilo 16, katikati povu gumu la kuzuia joto. Paa lipakwe rangi nyeupe na liwe na mteremko kidogo ili maji ya masika yasitulie.

MDF iondoe kabisa, mama. Ikinyonya maji inavimba na hairudi, na skurubu zikitikiswa zinatoka na unga wake. Plaiwudi ya kuhimili maji, iunganishwe kwa gundi pamoja na skurubu, na penye uzito iwe bolti zenye nati za plastiki ndani zisizolegea. Misumari isitumike. Droo na milango ya kabati iwe na makomeo ya kufunga kwa mkono. Sumaku zile za makabati ya jikoni hazivumilii barabara ya vumbi yenye mawimbi, vyombo vyote utavikuta sakafuni.

Vumbi lenyewe lina tabia yake. Gari likienda kasi, hewa nyuma yake inakuwa nyepesi na inalivuta vumbi liingie kwenye kila tundu la nyuma. Raba nzuri za mlango ni nusu ya dawa. Nusu nyingine ni kitundu cha hewa juu, mbele, chenye kichujio, ambacho unakifungua mkiwa njiani ili hewa isukume kutoka ndani kwenda nje. Madirisha yawe mawili yanayotazamana, yenye nyavu za mbu, na lile la upande wa kitanda liwe kubwa kiasi cha mtu kutoka iwapo mlango umezibwa na moto. Mapazia na turubai msichague bluu wala nyeusi. Mbung'o wanavutwa na rangi hizo, ndiyo maana vitambaa vya kuwatega hutengenezwa kwa bluu na nyeusi, na najua maturubai mengi madukani ni ya bluu. Tafuteni la kijani kilichopauka au kahawia.

Maji: achaneni na tanki. Chukueni madumu sita ya lita 10, yakae chini ya kitanda upande wa kebini, na fundi akate mlango mdogo wa nje ubavuni kulia wa kuyatolea. Nimesema lita 10 na si 20 kwa makusudi, kwa sababu dumu la kilo 20 kulinyanyua hadi kimo cha mita moja si kazi ya magoti yako. Vitu vizito vyote, maji, betri, zana, vikae mbele ya ekseli ya nyuma. Vikirundikwa nyuma yake vinainua pua ya gari na usukani unakuwa mwepesi vibaya.

Choo ndicho kitu ambacho ningekilipia kabla ya bafu, oveni na televisheni kwa pamoja. Choo cha kubeba chenye tangi lake, kinasukumwa chini ya kitanda na kuvutwa usiku kwenye ujia. Ndani ya hifadhi, kambi nyingi hazina uzio. Fisi na tembo hupita, na hakuna sababu ya ninyi wawili kushuka vidato vitano saa nane usiku mkiwa na tochi.

Kwenye umeme, friji ndiyo inayopanga kila kitu, kwa kuwa imebeba dawa. Chagueni ya kompresa ya volti 12, lita 40 inawatosha. Kwenye joto itakula kama amp-saa 40 kwa siku. Paneli ya wati 200 huku kwetu, siku ya jua, inaweza kurudisha kama 50, na gari likitembea chaja inayotoka kwenye alteneta inaongeza. Betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma, amp-saa 100, ina uzito wa kilo 12 hivi, wakati ya risasi ya ukubwa huo inakaribia 30 na si vizuri kuitumia zaidi ya nusu yake. Waya wa friji uwe wa milimita 6 za mraba. Waya mwembamba unapoteza volti njiani na friji inazima usiku bila kelele. Fyuzi kuu iwe karibu kabisa na betri, na friji iwe na fyuzi yake peke yake. Wewe ni muuguzi, sihitaji kukufundisha nyuzi 2 hadi 8. Nakukumbusha tu kipimajoto kikae ndani ya boksi la dawa, mbali na ukuta unaogandisha, kwani insulini iliyoganda imekwisha hata ikiyeyuka.

Birika la umeme la wati 2,000 kwenye volti 12 linavuta zaidi ya amp 160 kwa mpigo mmoja, na betri nyingi za amp-saa 100 haziruhusu kutoa zaidi ya 100. Maji ya chai yachemshwe kwa gesi. Televisheni ndogo ya volti 12 haina tatizo, mwachie mzee.

Jiko liwe droo ndefu inayotoka nyuma, chini ya kitanda, na kifuniko chake kifunguke juu kiwe paa la mpishi. Mtungi wa kilo 6 ukae wima kwenye kisanduku chake pembeni hapo, kinachofunguliwa kutoka nje tu, kisicho na mwanya wa kuingia ndani, chenye matundu sakafuni. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini. Isipopata pa kutokea inajikusanya hadi ikutane na cheche.

Jiko la mkaa ndani, hapana. Hata kidogo, hata kwa dakika chache, hata kama dirisha liko wazi. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na chumba hicho ni kidogo kuliko stoo ya nyumba yako. Mkaa ulioonekana umezimika bado unaitoa. Kila msimu wa baridi tunasikia familia zilizolala hivyo zisiamke. Mablanketi mawili mazito, chupa ya maji ya moto miguuni, soksi, inatosha Lushoto na inatosha Mbeya.

Kuhusu kuifunga kempa, ikae juu ya mkeka wa raba na ishikwe kwa bolti zenye raba kwenye fremu ya bodi, mahali panapofikika kwa spana. Chesisi ya pikapu hujipinda ikivuka korongo, na sanduku lililokazwa chuma kwa chuma litapasuka pembeni. Fundi asichomelee chochote kwenye chesisi yenyewe. Kempa inayotoka pia inawaachia pikapu wakati wa mavuno. Kabla ya kazi kuanza pitieni TRA mkaulize kama mabadiliko haya yanagusa maelezo ya bodi kwenye kadi ya gari, na mwambieni wakala wenu wa bima kwa maandishi.

Sasa kuhusu mzee. Usimpelekee barua hii kama hukumu. Mwite uani, mchukue chaki na futi, mchore pale chini sanduku la 212 kwa 167. Pangeni meza, madumu na magodoro mahali pa vitu. Kwanza pangeni mchoro wa mpwa jinsi ulivyo, bafu na meza ya watu wanne, muone mnageukaje. Kisha pangeni huu. Kaeni hapo kuanzia saa kumi na mbili jioni, mle, mvue viatu, mtafute dawa, mlale kidogo. Afisa kilimo ameishi kwa mashamba ya mfano, ataona mwenyewe. Na katikati ya hapo mwambie kuhusu magoti, kwa maneno yale yale ambayo ungemwambia daktari: linauma lini, kiasi gani, ukipanda au ukishuka. Umemtunza na sindano zake miaka yote. Sidhani kama atachagua kitanda cha juu kuliko wewe kuwa naye safarini, lakini hawezi kuchagua kitu asichokijua.

Mpe pia kazi iliyo yake. Umeme wote, kuanzia hesabu ya paneli hadi kupanga fyuzi na kuandika lebo, ni kazi ya mtu mwenye utulivu na daftari, na ndiyo itakayolinda dawa yake. Ule mchoro ataendelea kuukunjua jioni, safari hii akiusahihisha kwa kalamu.

Kianzio mpeni fundi cha fremu, kuta na kitanda tu. Makabati yasubiri. Nendeni Lushoto siku mbili tatu na maboksi ya plastiki, muone mkono unatafuta nini na upande gani, ndipo mkate plaiwudi. Kempa ikishafungwa, rudini kwenye mzani ule wa mahindi na mpime magurudumu ya mbele na ya nyuma kwa zamu, sio jumla peke yake, mkilinganisha kila namba na kikomo cha ekseli kilichoandikwa kwenye kitabu. Namba hizo niandikie, tutazitazama pamoja kabla hamjafika Kitonga.